Library of Living Philosophers au Philosophische Bibliothek, uanze na ipi?

Jamani hii mifululizo miwili ya vitabu vya falsafa watu wanaichanganya sana. Ile ya Ujerumani, Philosophische Bibliothek, ni ya zamani, ilianzishwa 1868 na mwanasheria Kirchmann, halafu mchapishaji Felix Meiner akaichukua 1911, na kazi yake ni kukupa maandishi yenyewe ya wanafalsafa kama Kant, Descartes, Hegel, yamehaririwa vizuri, yana utangulizi na maelezo, basi. Ukitaka kunukuu Kant kwa Kijerumani we chukua hiyo, usihangaike.

Ila ile ya Marekani, Library of Living Philosophers, ndo inanigusa moyo. Mwanafalsafa Paul Arthur Schilpp aliianzisha 1939 akaanza na mwanafalsafa mwenzake John Dewey, wazo lake ni kwamba mwanafalsafa aulizwe angali hai kabla hatujabaki kubishana alimaanisha nini, kwa hiyo kitabu kimoja kina maisha yake kaandika mwenyewe, insha za wanaomkosoa, afu majibu yake kwa wakosoaji haohao. Cha Einstein kilitoka 1949, humo mzee wa miaka 67 anaanza kwa kusema amekaa kuandika kitu kama tanzia yake mwenyewe, alafu kurasa nyingi zinazofuata ni fizikia! Kwenye kitabu cha mwanafalsafa Whitehead, mwenyewe hakuweza kujibu wakosoaji, afya ilikataa, na pengo lake unaliona kabisa. Mi ningeanza na hicho cha Einstein.