Krismasi katika ukumbi wa Ryman: jioni pamoja na Amy Grant na Vince Gill mjini Nashville

Kwa mpenzi wa nyimbo za Krismasi anayeishi Marekani, au anayepanga kuwatembelea ndugu zake huku mwezi wa Desemba, maonyesho ya Amy Grant na mumewe Vince Gill katika ukumbi wa Ryman mjini Nashville ni miongoni mwa machache ninayoweza kuyapendekeza bila kusita. Sababu yangu kubwa si umaarufu wa waimbaji hao wala mapambo ya jukwaa. Ni kwamba hapa utamsikia mwimbaji aliyekwisha kupita miaka 60 akiimba kwa sauti aliyo nayo leo, bila kuifunika kwa kishindo cha vyombo, tena ndani ya jengo lililojengwa ili sauti ya mtu mmoja iwafikie maelfu wakati ambapo vipaza sauti havijakuwepo. Mwimbaji wa namna hiyo na jengo la namna hiyo vinapokutana, msikilizaji anapata kitu ambacho uwanja mkubwa wa michezo hauwezi kumpa, hata kama tikiti ya huko ni ghali mara mbili.

Amy Grant alizaliwa mwaka 1960 huko Augusta, Georgia, lakini Nashville ndiko alikokulia. Familia yake ilisali katika Makanisa ya Kristo, ambayo kwa desturi huimba bila chombo chochote cha muziki, waumini wote wakigawana sauti wao wenyewe kwenye viti vyao. Ninalitaja jambo hili kwa sababu linaeleza mengi kuhusu namna anavyoimba mpaka leo: hashindani na bendi, hapambi kila noti, na neno analitamka mpaka mwisho wake. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1977 akiwa bado kijana wa shule. Albamu za Krismasi zikafuata mwaka 1983, 1992 na 1999, na hiyo ya 1992 ndiyo iliyonifikia mimi nikiwa Tanzania, katika kaseti ya dada yangu ambayo tuliisikiliza hadi maandishi ya jalada yakafutika. Mwezi Desemba 2022 alipewa heshima ya wasanii inayotolewa na ukumbi wa Kennedy Center mjini Washington, akiwa mwanamuziki wa kwanza wa nyimbo za Kikristo za kisasa kuipata. Kwa upande wake Vince Gill, mzaliwa wa Norman, Oklahoma, ana tuzo za muziki za Grammy zaidi ya 20 katika muziki wa kantri, na tangu mwaka 2017 amekuwa akipiga na kuimba na kundi la roki la Eagles. Walifunga ndoa mwaka 2000, na maonyesho yao ya Desemba katika ukumbi wa Ryman yamekuwa sehemu ya kalenda ya mji huu kwa miaka mingi sasa, usiku kadhaa mfululizo, ukumbi ukijaa.

Ukumbi wenyewe unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa nusu ya raha ya jioni ile inatoka kwake. Aliyeujenga ni Kapteni Thomas Ryman, mfanyabiashara mwenye meli za mtoni, ambaye mwaka 1885 aliguswa na mahubiri ya mwinjilisti Sam Jones yaliyofanyika hemani, kisha akaamua kujenga nyumba ambamo mahubiri kama hayo yangewafikia watu wote wa mji bila kujali dhehebu. Ilikamilika mwaka 1892. Kapteni alifariki tarehe 23 Desemba 1904, siku mbili kabla ya Krismasi, na katika ibada ya kumuaga iliyofanyika humo humo, Sam Jones akapendekeza jengo lipewe jina la marehemu. Kuanzia mwaka 1943 hadi 1974 lilikuwa makao ya Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa kantri, ndiyo maana wapenzi wa kantri huliita kanisa mama. Baada ya hapo lilipitia miaka ya upweke kabla ya kufanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 1994. Leo lina nafasi 2,362, na watu hawakai kwenye viti vya sinema, bali kwenye mabenchi marefu ya mbao ya kanisani, yaliyopangwa kwa kupinda kuelekea jukwaani, huku madirisha ya vioo vya rangi yakiwa nyuma na pembeni.

Benchi hilo lina jambo lake. Huna mkono wa kiti unaokutenga na mwenzako, kwa hiyo unaketi bega kwa bega na mtu usiyemjua, na besi inapopigwa unaihisi mgongoni kupitia mbao kabla masikio hayajaipokea sawasawa. Shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Moshi na ambaye ni mwanakwaya wa miaka mingi wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), aliligusa lile benchi kwa kiganja, akatazama dari, akatazama roshani inayozunguka ukumbi, kisha akaniambia, «Mwanangu, hii ni nyumba ya kuimbia.» Yeye ndiye aliyenifungua masikio katika mambo kadhaa nitakayoyaeleza, kwa kuwa huimba sauti ya pili na amezoea kusikiliza kile ambacho wengine wanakipita.

Jambo la kwanza alilolitambua ni mpangilio wa sauti za mke na mume. Katika nyimbo nyingi za pamoja tulizozoea, mwanamke huchukua sauti ya juu na mwanamume hukaa chini yake. Hapa mara nyingi ni kinyume. Amy ana alto yenye mkwaruzo mdogo, ya chini na ya joto, wakati Vince ana sauti ya kiume ya juu sana (tenor), laini isiyo na ncha, kwa hiyo mume anapanda juu ya wimbo wa mkewe na kuufunika bila kuuzima. Unapozisikia sauti hizo ana kwa ana unaelewa kwa nini wanaweza kuimba wimbo mzima kwa gitaa moja na usione pengo lolote. Vince anapopiga gitaa lake katikati ya wimbo haonyeshi ufundi kwa ajili ya makofi, ingawa ufundi anao tele. Anapiga noti chache, anaziacha zikae hewani, kisha anarudi kumwitikia mkewe.

Wimbo uliowainua watu mapema ni ule wa Krismasi ya Tennessee, jimbo ulimo mji wa Nashville, ambao Amy aliuandika pamoja na Gary Chapman, aliyekuwa mumewe wakati huo, kwa ajili ya albamu ya mwaka 1983. Mashairi yake ni mepesi: wengine watakwenda kutafuta theluji ya Denver, wengine jua la California, lakini anayeimba anachagua kubaki Tennessee pamoja na wale anaowapenda. Ukiusikiliza redioni unaweza kudhani ni wimbo wa kusifia jimbo tu. Kuusikia mjini Nashville kwenyewe, katikati ya watu ambao wengi wamekua nao tangu utotoni na wanaujua ubeti kwa ubeti, ni jambo jingine kabisa. Sisi tuliokuja hapa tukiwa watu wazima, Watanzania wachache na Wakongomani wengi tunaokutana katika ibada za Kiswahili za mji huu, tuna Krismasi nyingine vichwani mwetu, yenye jua kali, pilau na safari ya basi kwenda kijijini kwa babu na bibi. Sikutegemea kwamba wimbo wa watu wa hapa ungenigusa mahali hapo, lakini ulinigusa, na shangazi alinishika mkono bila kusema neno.

Hata hivyo, kama ningeambiwa nichague dakika tano tu za jioni nzima, ningechagua «Breath of Heaven». Wimbo huu ulianza kama utunzi wa Mwingereza Chris Eaton, naye Amy akauandikia mashairi mapya ili uwe sala ya Mariamu, msichana mjamzito aliye safarini, aliyechoka, mwenye hofu, anayemuuliza Mungu kama kweli amemchagua mtu anayefaa. Amy mwenyewe alikuwa mjamzito alipokuwa akiandaa albamu ya mwaka 1992 iliyoubeba. Katika nyimbo zetu za Krismasi, Mariamu mara nyingi anatajwa akiwa tayari horini, mtoto amekwisha kuzaliwa na malaika wanaimba; huku barabarani, kabla ya kufika Bethlehemu, hatupatembelei sana. Ndiyo maana naupenda wimbo huu kuliko wote alioufanya.

Taa zilipunguzwa, bendi ikabaki na kinanda kilichoshikilia noti moja ya chini pamoja na gitaa lililokuwa likigusa nyuzi mbili tatu. Akaanza karibu na kunong'ona. Sauti yake sasa ni nzito kuliko ile ya kaseti, na kuna mahali katika kiitikio ambapo zamani alipanda kwa nguvu lakini sasa anapanda polepole, kama mtu anayepanda ngazi akiwa ameshika ukuta, anafika, na anakaa pale juu kwa muda mfupi tu. Kabla ya kiitikio cha mwisho alivuta pumzi, na pumzi hiyo ilisikika hadi kule roshani tulikokaa. Hakuna aliyekohoa. Shangazi, ambaye Kiingereza chake si kingi, alisema baadaye kwamba huyu mama hapigi kelele hata kidogo, lakini kila neno limefika lilipotakiwa kufika.

Mashabiki wanaomfuatilia wanajua kwa nini jambo hilo lina uzito. Mwaka 2020 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo kurekebisha tatizo alilozaliwa nalo. Julai 2022 alianguka na baiskeli hapa Nashville, akaumia kichwani na kulazimika kuahirisha maonyesho. Mapema mwaka 2023 alifanyiwa upasuaji wa koo kuondoa uvimbe, na ikabidi ajifunze upya namna ya kuimba. Mwimbaji aliyepitia hayo angeweza kustaafu kwa heshima, au angeweza kujaza jukwaa kwaya kubwa na vyombo vingi ili ajifiche katikati yake. Amechagua nyimbo zinazotaka utulivu na kuziimba wazi mbele ya watu. Mimi ninayempenda tangu utotoni nilikwenda nikiwa na wasiwasi kidogo, na niliporudi nyumbani nilikuwa ninamheshimu kuliko zamani.

Vince naye alipewa nafasi yake, na wimbo wake wa kuomba amani duniani, uliobeba jina la albamu yake ya Krismasi ya mwaka 1993, ulikuwa mzuri sana, hasa kwa kuwa aliuimba bila haraka. Kati ya nyimbo walizungumza na watu, wakitaniana kama wanandoa waliokaa pamoja muda mrefu, jambo linalowapa watoto nafasi ya kujinyoosha. Mwishoni, tulipoimba wote ule wa usiku mtakatifu, mimi na shangazi tuliuimba kwa Kiswahili, yeye akishika sauti yake ya pili kama kawaida yake, na bibi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa pembeni yetu akageuka na kututabasamia kisha akaendelea na Kiingereza chake. Sauti zilikaa pamoja vizuri.

Kama kuna jambo ningelitamani, ni kusikia zaidi nyimbo za Weusi wa mji huu. Waimbaji wa Jubilee wa Chuo Kikuu cha Fisk, walioanza mwaka 1871 na baadaye kuzibeba nyimbo za waliokuwa watumwa hadi Ulaya, ni wa hapa hapa Nashville, na Ryman ni jukwaa wanalolijua. Krismasi ya Tennessee ina sauti hiyo pia. Hilo ni ombi la shabiki, wala halipunguzi thamani ya kile nilichokipata.

Kuhusu gharama, niseme wazi kwamba si ndogo. Kwa mtu anayefanya kazi ghalani, tikiti ya nafasi nzuri inaweza kumla mshahara wa siku nzima, na kwa familia hesabu inapanda haraka. Nunueni moja kwa moja kwa ukumbi, mapema, mara tu tarehe zinapotangazwa. Rafiki yetu mmoja alichelewa akaangukia mikononi mwa walanguzi wa tikiti mtandaoni, akalipa karibu mara mbili, na tikiti zenyewe zikamfikia mchana wa siku ya onyesho akiwa amekwisha kata tamaa. Maegesho ya katikati ya mji mwezi wa Desemba nayo yanauma, kwa kuwa ukumbi uko hatua chache kutoka barabara ya Broadway ambako baa zimejaa watalii kila usiku. Ni afadhali watu wanne wachange teksi. Ukibakiwa na fedha kidogo, tazama mabango ya karatasi yaliyochapishwa kwa vibao vya mbao na Hatch Show Print, kiwanda kilichoanza kazi hapa Nashville mwaka 1879. Ukipitisha kidole juu ya bango unausikia wino ulivyozama kwenye karatasi, na linadumu kuliko fulana.

Nafasi za kukaa zichagueni kwa makini. Nguzo zinazobeba roshani zinaziba jukwaa kwa baadhi ya mabenchi ya chini, na safu za nyuma kabisa za chini zina dari fupi juu yake inayoziba upande wa juu wa ukumbi. Safu za mbele za roshani, katikati, ndizo ninazozipenda: unaona jukwaa lote, sauti inakufikia ikiwa kamili, na wakati wa nyimbo za pamoja unawasikia waliokaa chini wakiimba. Mkiwa na mzee, kumbukeni kuna ngazi za kupanda na benchi halina mto, kwa hiyo mchukulieni shali nene ya kukalia.