Mtindi wa ndoo na mtindi wa kikombe: duka la maziwa karibu na Soko la Mbuyuni, Moshi

Duka hili huuza mtindi wa aina mbili. Wa kwanza hugandishwa hapo hapo kwa maziwa na mtindi wa jana, kisha hupimwa kwa kata kutoka kwenye ndoo. Ni mzito, mkali kiasi, na maji yake ya manjano huelea juu. Wa pili ni wa kikombe, wenye rangi ya waridi, na hautoi maji hata ukikaa siku kadhaa, kwa sababu umetiwa E466, yaani karboksimethiliselulosi, kiungo cha kuufanya mzito, ambayo lebo huitaja kwa herufi ndogo mno.

Kiungo hicho kimeruhusiwa kisheria, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa panya waliopewa E466 walibadilika bakteria wa utumbo, nao bakteria wakausogelea zaidi ukuta ambao kwa kawaida hukingwa na ute. Baadaye watu waliojitolea walipewa gramu 15 kwa siku kwa siku 11, kiasi kikubwa kuliko cha kikombe kimoja, na aina za bakteria wao zikapungua. Kwa hiyo sioni sababu ya kuogopa kikombe cha mara moja moja. Kumpa mtoto kila siku ndiko nisikokuafiki.

“Huo wanaupenda watoto, baba, wewe chukua wa ndoo,” alinishauri mama muuzaji, na ladha ilimpa haki. Hata hivyo, ndoo haina tarehe, na umeme ukikatika friji hupoa kwa shida, hivyo nunua asubuhi.