Steshenari iliyonichapia riwaya, Moshi mjini

Kibao cha juu ya mlango hakina jina la duka. Kimeandikwa KUCHAPA, KUTOA KOPI, LAMINESHENI, PICHA ZA PASIPOTI, basi. Ukitokea stendi kuu kwa miguu kuelekea Double Road, uliza steshenari iliyo mkabala na akina mama wa ndizi mbivu, utaonyeshwa. Ni chumba kimoja chembamba: kompyuta mbili, mashine ya kopi moja, feni ya ukutani na benchi la mbao la watu watatu. Nimeshinda kwenye benchi hilo saa nyingi tangu Februari, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu na nimekilipia kwa fedha yangu.

Mimi nauza mitumba soko la Memorial, nguo za watoto. Nina watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili, wa mwisho ana miaka minne. Kwa miaka mitatu nimeandika riwaya kwa mkono kwenye kaunta buku za kwaya nne, zile za jalada gumu tunazowekea hesabu za kikoba. Niliandika saa kumi alfajiri kabla sijawasha jiko la uji, na mchana pale kibandani siku ambazo wateja ni wachache. Zilijaa kaunta buku nne. Nyumbani kila mtu alijua ni mahesabu ya kikoba. Sikumdanganya mtu. Hawakuuliza, nami sikusema.

Shida ya riwaya iliyoandikwa kwa mkono ni kwamba hakuna wa kuipokea ikiwa hivyo. Lazima ichapwe. Kompyuta sina, na kwenye simu ya kioo kilichopasuka nilijaribu nikaishia kurasa sita. Nilianzia steshenari nyingine, jina lake silitaji. Niliwaachia sura ya kwanza, nikarudi baada ya siku nne nikakuta kurasa mbili za katikati zimerukwa na mazungumzo yote yameunganishwa aya moja, hujui nani anasema nini. Nilipouliza nikajibiwa, "Mama, si bora imechapwa?" Na flashi yangu ikarudi na virusi, mafaili yote yamegeuka vialama ambavyo ukibonyeza havifunguki. Nililia njiani, nasema kweli. Watu wa daladala ya Pasua walidhani nimefiwa.

Hapa kwa wenye kibao kisicho na jina nilifika kwa ajili ya kitu kingine kabisa, kopi za cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Binti wa kompyuta alikuwa anamchapia mzee mmoja barua ya mgogoro wa shamba. Kila akimaliza aya anamsomea kwa sauti ndogo, mzee anasema "sawa" au "hapana, weka hivi", ndipo anaendelea. Nikakaa kwenye benchi hadi barua ikaisha. Kesho yake nikarudi na kaunta buku zote nne kwenye kiroba cha sukari.

Niseme habari ya bei, maana hapo ndipo wengi tunaumia. Kuchapa pale ni shilingi 800 kwa ukurasa. Wanaopokea miswada hutaka nafasi mbili kati ya mistari, herufi za ukubwa wa 12, karatasi A4, nami nikasema hivyohivyo kama nilivyoambiwa. Mwenye duka, kaka mmoja mtaratibu, akaniuliza, "Dada, unajua nikikuchapia kwa nafasi mbili utalipa mara mbili?" Sikujua. Akanieleza kwamba vidole vya binti vinafanya kazi ileile, ila karatasi zinaongezeka kwa sababu ya nafasi. Basi watachapa kwa mistari iliyobanana, wahesabu kurasa hizo kwa malipo, kisha mwishoni wapanue nafasi kwa kubonyeza mara moja. Riwaya ilitoka kurasa 118 zilizobanana, nikalipa 94,400. Ilipopanuliwa zikawa 239. Kwa hesabu ya 239 ningelipa 191,200. Hiyo tofauti, shilingi 96,800, hakuna aliyemlazimisha kuniambia. Ningelipa na ningeshukuru. Kwangu mimi fedha hiyo ni sehemu kubwa ya kufungulia belo, na Januari ilikuwa imetoka kula akiba yote kwa ada, michango na madaftari.

Tuje kwa binti mwenyewe. Anatoka upande wa Same, Msabato, kwa hiyo Ijumaa jua likielekea kuzama anafunga kazi na Jumamosi humkuti. Lijueni hilo mapema, msije mkapoteza nauli. Anachapa kwa vidole vyote bila kutazama chini. Kompyuta ilimpigia mistari myekundu chini ya karibu kila neno, kwa kuwa ilikuwa inasubiri Kiingereza, naye akaizima ile alama, akaniambia, "Mama, hii isitusumbue, tutasoma wenyewe." Pale asipoelewa mwandiko wangu hakubuni. Alibandika kikaratasi cha njano kwenye daftari, jioni ananiuliza. Kuna ukurasa mwanangu wa mwisho alichora ndege mkubwa juu ya maneno, na juu ya ndege huyo nilikuta kikaratasi: "Mistari mitatu haionekani."

Halafu kuna doa la mtori. Siku hiyo sitaisahau. Ilikuwa saa mbili usiku, nasonga ugali, simu ikaita. Mkono una mwiko, nikamwambia mwanangu mkubwa aweke sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani kwa usiku. Daftari la tatu, ukurasa wa 61, pana doa la mafuta. Naona 'Bibi akashika sale', halafu sioni mpaka chini."

Nikamwambia anisomee kuanzia juu ya ukurasa ili nikumbuke. Akasoma. Anasoma vizuri, hakimbii. Ni pale ambapo yule bibi amekwenda kwa watoto wa mumewe kuomba radhi, arudishwe kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba. Watoto wangu wakaacha madaftari. Baba watoto alikuwa mlangoni anavua buti za kazini, yeye ni fundi wa kuchomelea, akabaki na buti moja mkononi. Binti alipofika kwenye doa akanyamaza, nami nikamalizia kwa kichwa: "Bibi akashika sale, akasimama mlango wa zizi, mvua ikimnyeshea, hakuna aliyelipokea."

Binti akasema asante, akakata simu. Ugali ulishashika chini ya sufuria.

Baba watoto akauliza, "Hakuna aliyelipokea? Sale?"

"Hakuna."

"Hao ni watu gani?"

Kwa asiye wa huku: kwetu Uchagani ukiletewa jani la sale, kosa liwe kubwa namna gani, unatakiwa usamehe. Kulikataa ni jambo zito mno. Mume wangu alikaa nalo usiku kucha. Asubuhi akasema mtoto wa mwisho atampeleka yeye shule ya awali, "wewe kaandike tuone watafanya nini." Sura tatu za mwisho niliziandika upya kwa asubuhi hizo alizonipa. Simu ile ya doa sijaona ikiwekwa kwenye bili ya steshenari yoyote.

Sasa kasoro, maana zipo. Neno kihamba binti hakulizoea, na katika daftari la kwanza aliandika "kiamba" kila mahali. Nilipomwonyesha akasema kompyuta inaweza kubadilisha yote kwa mara moja. Ikabadilisha. Ila hatukufikiri kwamba kompyuta haijui neno linaanzia wapi na kuishia wapi, inatafuta herufi tu. Kila palipokuwa na kiambaza, yaani ukuta, pakawa "kihambaza". Niligundua baada ya kuchapisha nakala nzima, ukurasa wa 74, mtu ameegemea kihambaza. Nikaendelea nikakuta pengine, na pengine. Kumi na moja kwa jumla. Binti alitaka kulia. Mwenye duka hakupandisha sauti, si kwake wala kwangu. Wakasahihisha, wakanichapia upya kurasa hizo kumi na moja bila kunidai. Nawaambia wenzangu wanaoandika: likibadilishwa neno kwa mara moja, ombeni mwonyeshwe kila mahali kabla ya kukubali. Na ukurasa wa kompyuta usiusahihishe kwenye kioo peke yake. Mimi kwenye kioo sikuona hata kihambaza kimoja. Kwenye karatasi, kalamu mkononi, niliviona vyote jioni moja.

Kuchapisha kwenye karatasi ni 200 kwa ukurasa, kopi 100, kwa hiyo nakala ya kwanza ilinigharimu 47,800 na ya pili nikatoa kopi kwa 23,900. Kubaindi kwa spairo 3,000 kila moja. Spairo nene inayoshika karatasi 239 hawakuwa nayo, nikasubiri siku mbili iletwe kutoka Arusha.

Watu sokoni walinitisha sana kuhusu kuibiwa. Wakasema ukiacha kazi yako kwenye kompyuta ya mtu, kesho utaiona ina jina lake. Nilimweleza kaka mwenye duka wasiwasi huo, hakukasirika. Aliniweka kwenye kiti, akanionyesha faili lilipo, akalinakili kwenye flashi yangu mpya baada ya kuisafisha, akanifungulia barua pepe nikajitumia mwenyewe, kisha akaniambia nifute mimi kwa mkono wangu lile lililobaki. Nikabonyeza. Nywila ya barua pepe nimeiandika nyuma ya kaunta buku ya nne, na ile barua ya kujitumia ina tarehe yake. Ukiniuliza, hiyo barua pepe ndiyo huduma ya maana kuliko zote, na hawakuitoza.

Mswada nimeupeleka sehemu mbili. Nakala ya karatasi imekwenda kwa basi kwa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam. Faili nimelituma kushindania Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilizinduliwa mwaka 2022, na washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, tarehe aliyozaliwa Mwalimu. Nilisikia habari zake redioni nikiwa napanga nguo, na ndizo zilizonifanya nihesabu kurasa zangu mara ya kwanza. Siku ya kutuma nilikwenda pale asubuhi. Binti akaniuliza kichwa cha barua niandike nini, nikashindwa kusema. Tulikaa dakika nyingi tukitafuta maneno ya mistari mitano. Kompyuta ilihesabu maneno ya riwaya yote, 61,340. Alipokuwa anaelekea kubonyeza nikamwambia asubiri, nikambonyezea mimi. Watu wawili wa kopi walikuwa nyuma yetu kwenye benchi, mmoja akasema hongera mama bila kujua ni ya nini.

Majibu bado. Nyumbani mambo ni yaleyale, sare za kufua Jumapili, uji, michango ya shule, ila zile kurasa kumi na moja zenye kihambaza nilizibeba, na wanangu wanafanyia hesabu upande wa nyuma. Wa pili amenifuata jikoni na ukurasa wa 74 kuniuliza wa 75 uko wapi.

Ninyi mtakaokwenda: fikeni kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo wanafunzi wa vyuo wanajaza benchi. Umeme ukikatika hawana jenereta, mtasubiri au mtarudi kesho, na hilo ningependa walifanyie kazi, kwa sababu mara mbili nimeacha kibanda kwa jirani nikarudi mikono mitupu. Bei ya spairo nene nayo waiandike ukutani pamoja na nyingine. Kwa kazi fupi ya kurasa mbili tatu nadhani steshenari yoyote ya mjini inatosha. Kwa kazi ndefu, iliyoandikwa kwa mkono, yenye madoa na michoro ya watoto, mimi sitakwenda kwingine. Jumatatu iliyopita nilinunua hapohapo kaunta buku mpya ya kwaya nne. Binti akaniuliza kama ni ya kikoba.