Mto Pangani: maji ya kiwango kimoja au ya kufuata msimu?

Huku Tanga mjadala haukomi: bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa juu kwenye Mto Pangani, litoe maji vipi?

Kiwango kimoja mwaka mzima ni rahisi kusimamia. Mitambo ya umeme ya Hale huzunguka bila wasiwasi, na mlangoni mwa mto mkondo usiokatika husukuma chumvi ya bahari isipande hadi mashambani.

Lakini kambare hungoja maji yafurike majanini ndipo atage. Kinamasi cha Kirua, chini ya bwawa hilo, kilisinyaa bwawa lilipozuia mafuriko, na inauma. Hapa msimu unashinda waziwazi, ingawa unadai vipimo vya mara kwa mara na walio bondeni waarifiwe mapema.

Mwenye minazi Pangani adai mkondo usiokatika. Mvuvi wa Kirua adai mafuriko ya masika.