Kozi ya stadi za maisha ya likizo: nyota 4, ile moja imeliwa na mtihani

Wanangu wawili wamemaliza kozi ya stadi za maisha ya wakati wa likizo, mmoja yuko sekondari mwingine anamalizia msingi, na mimi naipa nyota 4 kati ya 5 ila sio kwa sababu walizoweka kwenye tangazo. Tangazo linadai watoto watafundishwa vitu ambavyo shule haifundishi. Hapana bwana, vingi ni vilevile vya darasani, sema huku walivifanyia kazi.

Somo la mikopo ndo lilikuwa kiboko. Wazazi tuliruhusiwa kukaa nyuma kwahiyo nililiona mwenyewe. Mwalimu kaandika mkopo wa 1,200, miezi 12, riba asilimia 20 kwa mwaka, kauliza riba ngapi, darasa zima likapiga kelele 240. Sawa. Akawaambia haya, mkopeshaji wa pili asilimia zake ni hizohizo 20 ila kila mwezi unarudisha 100 ya deni na riba inapigwa kwenye kilichobaki tu, pigeni hesabu mwezi kwa mwezi. Wakahangaika weee, ikatoka 130. Kimya. Mwanangu mkubwa maswali ya riba huwa anayapata vizuri tu shuleni ila hakuna siku alijiuliza hiyo asilimia inapigwa kwenye nini, sasa hivi akiona tangazo la mkopo kwenye simu yangu hilo ndo swali lake la kwanza, anachosha kidogo lakini acha achoshe.

Umeme nao hivyohivyo, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 zote kwenye ekstensheni ya ampea 10, volti 230, gawanya unapata karibu ampea 14, halafu mwalimu akatoa ekstensheni iliyoyeyuka ikapitishwa mkono kwa mkono. Fomula yenyewe mtoto anayo kwenye daftari la fizikia toka mwaka jana! Kushona kifungo na kupiga pasi, sawa, hayo hata nyumbani yanawezekana.

Huduma ya kwanza hapo ndo walianza kuniudhi. Maelezo yako vizuri kabisa, ukiungua weka maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, sio barafu wala dawa ya meno, na mtu mzima aliyezimia hapumui unaita msaada halafu unakandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika kwa kina cha sentimita 5 au 6. Sasa hiyo kina utaijuaje bila kukandamiza? Mdoli wa kufanyia mazoezi ulikuwa mmoja tu, watoto kibao, wadogo wengi wakaishia kuangalia. Denmaki wameweka hii kitu kisheria kwenye shule za msingi toka 2005, nyie mnalipisha na midoli hamna, jamani.

Halafu ile nyota moja iliyopotea: kipindi cha kujitambua na kufanya maamuzi. Slaidi mwanzo mwisho, hatua za kufanya uamuzi sahihi, moja mpaka saba, na siku ya mwisho mtihani wa kuzitaja hizo hatua kwa mpangilio ili upate cheti. Mwanangu mdogo kazikariri usiku kucha, kapata zote, asubuhi yake kashindwa kuchagua avae shati gani. Natania, lakini kidogo tu.

Ndo maana wale wanaodai shule ziongeze somo la stadi za maisha mi nasita. Sio kwamba hazifai, zinafaa sana, na wanaosema hiyo ni kazi ya wazazi wanasahau sisi wenyewe wengi riba ya mkopo hatuijui, utafundisha nini? Ila likishakuwa somo lina kitabu na mtihani litakuwa kama hicho kipindi cha slaidi. Afadhali mwalimu wa hesabu alete fomu ya mkopo darasani, wa fizikia alete hiyo ekstensheni iliyoyeyuka, ratiba ibaki ileile.

Mwenye mpango wa kuwapeleka wake, kabla hujalipa uliza midoli iko mingapi kwa watoto wangapi, na uombe ukae nyuma siku ya mikopo. Cheti mi sijakifuata mpaka leo.