Nimeng'oa Maua ya Plastiki Kwenye Tangi la Samaki: Anubias, Wiki ya Tisa

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena, tupo Nyegezi hapa hapa Mwanza. Sauti leo iko safi, eh? Maikrofoni mpya. Asanteni mliochangia, yale mambo ya kusikia bodaboda kuliko kunisikia mimi yameisha. Karibu yaishe.

Sasa, kabla sijasema lolote. Hii ni stokingi. Ya mama watoto, nimeiomba, msije mkaniletea kesi. Na hili ni lile ua la plastiki la zambarau, mnalikumbuka, limekaa tangini mwaka mzima. Angalia. Napitisha stokingi juu ya jani, taratibu, wala sibonyezi... Umeona? Imenasa. Navuta kidogo tu. Sikia huo mlio! Imechanika. Hapa pembeni ya jani pana vijino kama vya msumeno. Kwa macho huvioni, ila pitisha kidole, utavihisi. Kama stokingi imepata haya, pezi la samaki aina ya beta litasalimika vipi?

Huyu hapa anaitwa Sangara. Jina kubwa, mwili kidole. Nilimpa kwa ukorofi wake, maana ukimwekea kioo anataka kupigana na sura yake mwenyewe. Mkia ulikuwa unachanika kila mara, mimi nikalaumu maji, nikanunua dawa. Kumbe adui nilikuwa namsugua kwa mswaki kila Jumamosi ili rangi yake irudi!

Basi nikahamia kwenye mimea hai. Habari za mwanga sitawachosha: taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku, na tangi usiliweke dirishani kwa jua letu hili, utafuga ukijani badala ya samaki. Twende kwenye anubias.

Huu mmea asili yake ni vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Jani gumu kama la mwembe, samaki wengi wakionja wanaacha. Unakua polepole mpaka unaudhi. Na mtungi wa kaboni dayoksaidi hauhitaji. Kuna wenzetu wenye chaneli wanawaambia bila mtungi hamtoboi. Mitungi wanauza wao, ndugu zangu. Ila tuwe wakweli, kwa ile mimea myekundu na ile inayotambaa chini kama zulia, hoja wanayo.

Dogo, sogeza kamera. Karibu zaidi. Mnaona hiki kinachofanana na tangawizi iliyolala? Hilo ndilo shina. Majani yanapanda juu, mizizi inashuka chini. Na hapa ndipo nilipoliwa elfu 18. Muuzaji wa kwanza, simtaji, aliniambia chomeka mchangani kama mchicha. Nikachomeka. Siku ya kumi majani yanaelea moja moja. Nafukua, tangawizi imekuwa uji, inanuka! Shina hili halizikwi, jamani. Mizizi ruksa, shina hapana.

Tunafanya hivi. Jiwe: sisi wa Mwanza kwa mawe hatuna njaa. Hili nimeliokota nyuma ya nyumba. Ni granaiti, halibadilishi maji. Ukiwa na shaka dondoshea siki; likitoa povu lina chokaa, achana nalo. Hili, tazama... kimya. Nimelisugua kwa brashi na maji ya moto, sabuni hata tone sikutia. Uzi ni mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kabisa, nimeupata Kirumba. Laza tangawizi juu ya jiwe, zungusha mara tatu, pitisha katikati ya majani. Usikaze sana, utakata shina. Fundo. Kata. Sasa ona hili la wiki ya tisa: nashika mmea, nainua... jiwe linakuja lote! Na mshipi nilishautoa juzi.

Kuna swali naulizwa kila siku, hata nikiwa kwenye daladala: "Kaka, ziwa hilo hapo, majani unanunua ya nini?" Majani yapo, tena mazuri. Lakini yanakuja na konokono, na baadhi ya konokono wa ziwa letu ndio wanaoeneza kichocho. Vijidudu vinatoka kwa konokono vinapenya ngozi, na wewe kila wiki mkono uko tangini mpaka kiwiko. Na ukipunguza mimea yako usiende kuitupa ziwani. Gugu maji nalo watu walilipenda kwa ua lake, likasafirishwa kutoka Amerika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limeingia humu. Waulize wavuvi.

Kasoro? Ipo. Gizani mimea inavuta oksijeni kama samaki. Umeme ukikatika usiku pampu ikazima, tangi lililojaa samaki linapata shida. Sangara hana habari, beta anapanda juu kuvuta hewa yake. Wewe mwenye samaki wa dhahabu kumi ndani ya ndoo ya kioo, hapo tuna mazungumzo. Halafu maji bado unabadilisha. Mimea inakula uchafu wa samaki, haiumalizi.

Bei. Plastiki nilinunua sita kwa elfu 5 kila moja, jumla elfu 30. Anubias mbili, pamoja na ile iliyooza, elfu 36. Kwa hiyo plastiki ni rahisi... ngoja, dawa za mkia elfu 12 sijaziweka. Basi. Na anubias unaikata shina, kila kipande kibaki na majani matatu au manne, unapata ya pili bure. Plastiki haizai.

Nilitaka kuyatupa yote, ila mwanangu amelikatalia hili la zambarau. Linakaa juu ya redio sasa, na kwa kweli pale limependeza.

Eh, Dogo, geuza kamera. Taratibu. Amelala! Sangara kajilaza juu ya jani, mkia wote chini. Usiwashe taa, mwache.