VHT wa mtaa wetu: mkono mzuri, mdomo hauna mlango

Naandika hasira ikiwa bado ya moto, na nimengoja ipoe imegoma. Wale wanaosema huduma ya VHT, hawa wahudumu wa afya wa kijiji wanaojitolea, ni ya bure kwa hiyo tusilalamike, waniwie radhi. Mimi nimeilipia kwa jina langu.

Tunakaa Busia, upande wa Uganda, kwenye nyumba za kupanga za mstari, mlango unatazama mlango na bomba liko katikati. Ukipiga chafya chumbani, jirani anakuombea afya kwake. Mzee wangu ni dereva wa magari ya mizigo. Sheria inampa baba siku 4 za likizo mkewe akijifungua, lakini tajiri wake hata hizo 4 hajawahi kuzisikia, kwa hiyo mimi nilibaki na mama mkwe, mtoto mchanga, na mkubwa wangu anayetaka kubebwa naye.

Kituo cha afya walituruhusu mapema, vitanda havikutosha. Musawo, yaani mhudumu wa kituoni, akanipangia: siku ya tatu, wiki ya pili, wiki ya sita, na akasema katikati hapo VHT wenu atapita nyumbani. Siku ya tatu sikuona mtu. Hilo nasamehe, ana kaya nyingi na miguu miwili. Nisilosamehe ni siku aliyokuja.

Alikuja asubuhi, saa ile wanawake wote wako bombani wanafua. "Hodi! Mzazi yuko?" Nikamkaribisha ndani. Hakuingia. Alipindua jerikeni langu pale mlangoni, akakalia, akaweka lile daftari lake kubwa magotini, akaanza kuuliza kwa sauti ya mtu anayeita watu kwenye mkutano wa LC, baraza la mtaa.

"Damu bado inatoka?"

Kidogo, mama.

"Ina harufu?"

Mikono kwenye mabeseni ikapunguza kasi. Nikajibu hapana, kwa chini. Akaniambia niseme kwa nguvu, sikio lake moja halisikii vizuri.

"Na mzee, mmeshaanza kulala pamoja?" Hapo mtu akacheka. "Uzazi wa mpango mmechagua njia gani?" Nikasema tutaongea baadaye. Akaandika. Kisha, bila hata kuinua macho: "Na kile kipimo cha damu cha kliniki, mlipima wote wawili? Majibu yalikuwaje?"

Kila mwanamke aliyewahi kubeba mimba Uganda anajua ni kipimo gani: kile cha virusi vya UKIMWI. Bomba lenyewe nadhani liliacha kutiririka. Niambieni nyinyi, swali kama hilo mbele ya watu unalijibu vipi? Ukijibu, wamesikia. Ukinyamaza, wameelewa. Nikasema, "Mama, yako kwenye kitabu." Akasema, "Basi kilete nikisome." Akisome! Hapo hapo, kwenye jerikeni!

Sikukileta. Na msitarajie niandike majibu hapa pia.

Jioni ile ile yule binti wa chumba cha tatu, aliyekuwa akija kumshika mtoto nikioga, hakuja. Kesho yake jirani mmoja akaniuliza, kwa huruma ya uongo, kama nina hakika "kunyonyesha ni salama". Mzee wangu akapigiwa simu akiwa kwenye foleni Malaba na mtu wa kumuuliza hali ya afya yake. Haya yote yametoka kwenye daftari moja lililofunguliwa mahali pasipostahili. Mpango huu wa VHT uko tangu 2001, mwaka ule ule serikali ilipofuta ada kwenye hospitali zake. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wanazaa wenyewe, na bado mtu anauliza mambo ya damu uwanjani? Maswali yenyewe sina ugomvi nayo, ni ya maana. Lakini mlango ulikuwa wazi na kiti kilikuwa ndani.

Niliapa akirudi nitamfungia.

Akarudi siku ambayo mtoto hakuwa sawa. Tangu usiku alikuwa anashika ziwa, anavuta mara mbili, anaachia, analala. Nikadhani ni joto la mabati. Mama mkwe akasema ni jicho la watu, na kusema kweli baada ya yale ya bombani macho yalikuwa mengi. Nilipomwona huyu mama anakuja na mabuti yake na mkoba wake uliochanika, nilishika mlango niusukume. Akapita chini ya mkono wangu. Safari hii hata hodi hakupiga.

Alimwangalia mtoto kwanza, mimi hakunisalimia. Akamlaza mapajani, akapandisha fulana hadi kifuani, akatoa kwenye mkoba kile kisaa cha kuhesabia pumzi, kinachoning'inia kwenye kamba. Kikaanza tiki, tiki, tiki. Yeye anatazama tumbo tu, linavyopanda na kushuka, midomo yake inahesabu bila sauti. Kikalia nusu dakika, hakusimama. Kikalia dakika nzima. "Sitini na nane," akasema. Akangoja mtoto atulie, akahesabu upya tangu mwanzo. Sitini na sita.

"Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika sitini kwenda juu, mimi sina dawa yake. Dawa yake iko kituoni, na ni sasa hivi, si kesho."

Kisha akafunua kitovu. Mama mkwe alikuwa ameweka unga wa majani yake ya kwao, na pembeni ngozi imekuwa nyekundu na imevimba. Nikajiandaa kwa vita. Huyu mama akamgeukia mama mkwe, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ndogo mpaka mimi niliyekuwa hatua mbili nikaisikia kwa shida: "Mama, kwa heshima yako, hii tusiirudie. Kitovu kinataka kiwe kikavu na kisafi."

Kumbe sauti ya chini anayo! Hasira yangu ikaanza upya, mtoto wangu anahema pale na mimi nafikiria bomba.

Akaandika karatasi ya rufaa, akamwita kijana wa boda kwa simu yake mwenyewe, akanifunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, akaniambia nijaribu kumnyonyesha kila akifumbua macho. Ile karatasi kituoni iliheshimiwa: tulipita mbele ya foleni, na watu wakanuna, wanune. Mtoto akalazwa, akachomwa sindano siku kadhaa. Musawo alisema maambukizi yaliingilia kitovuni, na kwamba tumewahi. Sasa ananyonya hadi ananiuma.

Baadaye kijana wa boda akaniambia nauli ilishalipwa. Na nani? Na mtu asiye na mshahara, anayejitolea, mwenye mabuti yaliyotoboka. Sasa mtu wa namna hii utamkasirikia vipi hadi mwisho? Nilifika kwake na sukari kilo moja na sabuni, nikamshukuru, na nilikuwa nimeamua yaishe, hata hii nisiandike.

Lakini wiki iliyopita jirani wa chumba cha mwisho amejifungua. Alikuwa bombani siku yangu, na ndiye aliyecheka. VHT alipokuja kumtazama, mtoto wake alikuwa ndani analia na sote tunamsikia, lakini dada yake akasimama mlangoni akasema mzazi ameenda sokoni. Huyu mama akaandika kitu kwenye daftari, akaondoka. Yule anaogopa kuulizwa nilichoulizwa mimi, na sasa kichanga chake hakuna anayekihesabia pumzi. Nimemwendea mwenyewe kumshawishi. Amesema atafikiria.

Kwa hiyo nimerudi pale pale kwenye hasira, na sasa si kwa ajili yangu tu. Wanaowafundisha hawa akina mama kutumia kisaa, tena wamewafundisha vizuri mno, wangewafundisha na kuingia ndani.

Anayemhitaji, na mwenye kichanga anamhitaji, namba yake iko kwa mwenyekiti wa LC1. Mwambie aje jioni, na kabla hajafungua daftari mfungie mlango kwa ndani.